Ncha Isiyofungwa

Katika nchi ya Ukwezi, iliyolala bondeni chini ya ukungu usioisha, ukubwa wa mtu ulipimwa kwa idadi ya mikeka aliyoikalia. Mtukufu Kikwezo, mtawala wao, alikalia elfu saba, yote ikiwa imesukwa na watu waliolala mavumbini, na kutoka huko juu aliwaona kama punje za ulezi. Msukaji hodari alipandishwa akae kando ya kiti chake, asuke mpaka vidole vipinde. Hakuna aliyewahi kushuka.

Ndiyo maana Mize, mtoto wa miaka saba, aliviogopa vidole vya kaka yake.

Makame alikuwa na miaka kumi na miwili, na sauti ya chini kama ya mtu anayembembeleza kifaranga. Aliposuka, ukindu ulinong'ona mapajani mwake, na mkeka ulinukia mvua ambayo haijanyesha bado. Ila ncha ya mwisho hakuifunga kamwe. Aliiacha ining'inie kama mkia wa kishada.

"Kaka, mbona humalizi?"

"Nikiifunga nitajiona nimehitimu. Ajuaye zaidi aendelee hapo."

Kisha aliwapa mikeka hiyo majirani walioshindwa kusuka mikeka ya kodi, wasije wakachapwa. Mwaka baada ya mwaka, ikapanda kwenye rundo la Mtukufu.

Lakini mwaka huo Bwana Mapana, mpokea mikeka, aliutambua mkono mmoja katika mikeka ya nyumba thelathini. Akaufuata mpaka uani kwao.

"Fundi ni nani hapa?"

"Mimi," alisema Mize, akijisogeza mbele ya kaka yake.

"Wewe? Hata kamasi hujajua kufuta."

"Fundi hayupo, Bwana," alisema Makame. "Tazama ncha hizo. Ni kazi ya mwanafunzi."

"Basi mwanafunzi atapanda. Mtukufu akishakagua, narudi kukuchukua."

Mize akamshika kaka yake shati, asiliachie.

Huko juu, Kikwezo aliinama akaziona ncha zikichungulia kila mahali katika rundo lake. "Kumbe nimekalia kazi ya wanafunzi?" Akaishika moja, akaivuta aing'oe. Ukindu ukaja. Ukazidi kuja, mkeka ukafumuka taratibu, kiti kikashuka kidogo. Akakasirika, akavuta nyingine.

Bondeni, nyuzi za ukindu zikaanza kudondoka polepole kama manyunyu. Bwana Mapana hakurudi. Makame akatazama juu, akakunjua mkeka wao mmoja uliochakaa, akautandika.

"Sogea, Mize," alisema. "Naona mgeni anakuja. Tumwachie nafasi."