Miguu Mikubwa ya Lanxiu

Kwa miaka tisa, tangu punda wa nyumba ya mumewe afe, Lanxiu ndiye aliyelizungusha jiwe la kusagia soya. Sakafu ya chumba cha kutengenezea tofu, ile jibini ya soya, haikukauka hata siku moja, kwa hiyo alijifundisha kutembea bila kuinua unyayo. Aliutelezesha mbele, vidole vikashika chini, kisha ndipo akauegemea. Miguu yake haikufungwa vitambaa utotoni ili ibaki midogo, kama ya wasichana wengine, maana kwao walihitaji msukumaji wa jiwe. Wanawake wa kijiji walimwita Bibi Majembe.

Kila alfajiri, akizunguka, aliona kupitia mlangoni baba mkwe wake, Mzee Geng, akiwafundisha vijana watatu sanaa ya mapigano aliyoibuni mwenyewe: kutembea katika duara viganja vikiwa wazi, mwili laini, nguvu ikitoka tumboni wala si mabegani. Wanawake hawakufundishwa. Lanxiu hakuomba, ila aliusukuma mti wa kuzungushia jiwe kwa viganja kama vyao, na kila siku alitamani kuitwa.

Jambo moja lilimfariji. Kila asubuhi alikuta soya imekwisha kuchaguliwa mawe na kuoshwa. Alidhani ni mumewe, kabla hajaondoka na mkokoteni kwenda kuuza tofu.

Siku moja ya gulio, baada ya mvua kubwa, akaja Meng, mwalimu wa ngumi kutoka ng'ambo ya mto, na kundi la wafuasi.

"Mzee, nasikia hapa mnafundisha watu kutembea," alisema Meng. "Kwetu hata mbuzi wanajua."

Wakakubaliana. Mtu wa Geng akisukumwa na Meng na kubaki ndani ya duara lililochorwa uwanjani mpaka kijiti kimoja cha ubani kiishe kuungua, Meng atainama kukubali kushindwa. Wote wakitoka, kibao cha shule kilicho langoni kitashushwa, na Mzee Geng hatafundisha tena maisha yake. Yeye mwenyewe goti lilimuuma; hakuweza kuingia.

Kijana wa kwanza aliteleza matopeni kabla hajaguswa. Wa pili alisukumwa mara moja tu. Wa tatu, Qiao, aliyekuwa hodari kuliko wote, alikaza mabega na kuruka kama bata, akaishia kwenye pipa la maji.

"Leteni ngazi!" Meng akaita. "Kibao kishuke."

Lanxiu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Machozi yalimlenga. Mzee Geng akageuka.

"Mwanangu, weka ndoo. Ingia."

"Mimi, Baba?"

"Wewe. Lizungushe jiwe lako."

Wafuasi wakaangua kicheko. "Mama Tofu, unakuja kuoga?"

Meng naye akacheka, akakubali; ubani mpya ukawashwa. Lanxiu akatelezesha unyayo wake mkubwa matopeni, na matope yakamshika kama sakafu ya nyumbani. Meng akasukuma, yeye hakubisha, akageuka tu, kama mti wa jiwe unavyogeuka. Meng akasukuma tena, akakuta hewa. Akamfuata mbio, Lanxiu akiendelea mwendo uleule, hauongezeki wala haupungui.

"Simama, dada, tupigane!"

"Soya haisagiki nikisimama, kaka."

Meng akajirusha kwa nguvu zote. Lanxiu akamwekea kiganja mgongoni, kwa upole, kama anayempisha mgeni mlangoni. Nguvu zake mwenyewe zikamtoa nje ya duara, akaanguka kifudifudi. Ubani ulikuwa bado nusu.

Uwanja mzima ulilipuka kwa vifijo. Meng aliketi, akafuta uso, akacheka. Lanxiu akamnyooshea mkono kumwinua.

"Nimeinama tayari, au siyo? Na hiyo tofu, inauzwa?" Meng akauliza.

Lanxiu akamkatia kipande kikiwa bado moto, hakutaka kulipwa.

Mchana ule alipiga magoti, akamtolea Mzee Geng kikombe cha chai kwa mikono miwili, kama mwanafunzi anayepokelewa na mwalimu.

"Baba, ulijuaje kwamba nitaweza?"

Mzee aliona haya. "Soya unadhani huoshwa na nani? Miaka mitatu naamka mapema nikuangalie unavyotembea, na kuosha soya ndiyo ada yangu. Sikupata ujasiri wa kumwambia mtu kwamba mwalimu wangu ni mkwe wangu."

Akanywa chai yote.

Kesho yake alfajiri Lanxiu alikuta vijana watatu mlangoni mwa chumba cha tofu, pekupeku.

"Dada," Qiao alisema, akikuna kichwa, "tunaomba kusukuma."

"Ingieni," alisema Lanxiu, na akamwaga ndoo ya maji sakafuni.