Neno la Ladislas

Kitendawili! Semeni "tega" basi, msikodoe macho tu. Ameondoka hajafika, ameanguka hajatua. Ni nani huyo? Fikirini polepole. Hata Bibi Médiatrice alikifikiria wiki tatu, na jibu lilikuwa juu ya kichwa chake linatafuna muhogo.

Jumamosi ile bibi alifunga ugali na maharage kwenye kitambaa, akaongeza mihogo miwili ya kuchoma, akatembea mpaka kwenye mteremko wa barabara ya kwenda Inyonga. Mjukuu wake Ladislas alikuwa palepale alipomwacha jana: hewani, juu ya kona, miguu inaning'inia. Bibi akatundika kifurushi kwenye ufito mrefu wenye ndoana, akampandishia.

"Bibi, chumvi umesahau," Ladislas akasema akitafuna.

"Shuka uje uongeze."

Vijana wa pale walikuwa na mchezo wao unaitwa Achia. Unapandisha pikipiki mpaka kileleni, unateremka bila gia, ukifika katikati unasimama juu ya siti na kuachia mikono. Mwenzako anapiga video. Wengi walifika chini salama wakarudia tena. Wachache, pikipiki ilipogonga kalavati, ilianguka yenyewe na wao wakabaki juu. Ladislas alibaki juu siku ileile na mwenzake Cyriaque, kwa kuwa walipanda pikipiki moja.

Madereva wa malori ya tumbaku walilalamika. Ofisi ya kijiji ikaleta barua kwamba anayebaki juu abaki mita tano kwenda juu, ili mizigo ipite. Kwaya ya parokia ilihamishia mazoezi pale siku za Alhamisi, maana vijana wale walikuwa sauti ya nne. Mambo yakaendelea.

Cyriaque alishuka siku ya kumi na moja. Mama yake alikuwa chini anamuuliza kama kule juu kuna baridi, naye, badala ya kujibu kama mtu wa Achia, akasema, "Mama, mimi naogopa." Uzito wake wote ukamrudia mara moja. Walimzika Jumatano. Wenzake wakatengeneza video ya mazishi, wakaiwekea muziki.

Ndipo Bibi Médiatrice alipomwita mzee Gervas, Mkonongo anayefuga nyuki. Gervas alikuja na basi la asubuhi, kamba begani. Akapanda ule mninga uliotandaza tawi juu ya barabara, akapitisha kamba juu ya tawi, akamfunga Ladislas kiunoni. Halafu akamgonga unyayo kwa kifundo cha kidole, kama anavyogonga mizinga yake.

"Mtupu," akasema. "Mzinga mtupu unalia hivi. Wenye asali haulii."

"Na yule wa mama Cyriaque?"

"Yule alijaa ghafla, kamba hana. Huyu kamba anayo. Akijaa nitamshusha taratibu, hata nyuki asishtuke. Ila akilivuka tawi, Bibi, kamba haina kazi. Atakuja kama mwenzake."

"Kwani anapanda?"

"Mtazame."

Kweli alikuwa anapanda. Video ya siku Ladislas alipoachia ilikuwa kwenye simu za watu mpaka Ikola, na kila watu mia walipoipenda, Ladislas alipanda shubiri moja. Aliipiga Fabrice, mtoto wa jirani, akaiwekea muziki wa redioni. Ndani yake Ladislas anaonekana amesimama juu ya siti, mikono pembeni kama shati lililoanikwa, halafu mdomo unafunguka unasema neno. Neno halisikiki, muziki umelifunika. Vijana wakakubaliana ni "Twende!" Wakaliandika kwenye fulana.

Bibi Médiatrice ndiye aliyemlea Ladislas tangu hajaota meno. Mdomo ule aliujua unavyokaa ukitaka uji na unavyokaa ukikataa dawa. Ile haikuwa "twende". Kwa hiyo kila siku, baada ya chakula, alimuuliza swali lilelile.

"Ladi, pale mdomo ulipofunguka, ulisema nini?"

"Sikumbuki, Bibi."

"Hukumbuki, na bei ya vocha unaikumbuka."

Ladislas alitazama chini, akawaona vijana na fulana zao.

Jumamosi hiyo ya mihogo tawi lilikuwa limemfikia mbavuni. Nyuki walishaanza kuingia kwenye kofia ya koti lake wakiikagua, na Gervas alisema hilo peke yake ndilo jambo zuri aliloliona tangu aje. Chini walijaa watu. Ilikuwa zamu ya Fabrice kuachia, na Aline, dada yake, ndiye aliyeshika simu.

"Oya, mwamba!" Fabrice akapaza sauti akipita kupandisha mlima. "Leo nakufuata! Tupe neno letu!"

"Twende!" wakaitikia wote.

Ladislas akapanda shubiri. Tawi likashuka kwenye kitovu chake.

"Bibi," Gervas akasema, akijizungushia kamba mgongoni, "kilichobaki ni kiganja tu kufika kiunoni."

"Nimeona."

"Muulize tena."

"Nimemuuliza wiki tatu. Leo atajiuliza mwenyewe."

Bibi akakaa kwenye jiwe, akaanza kukunja kitambaa cha ugali. Akakikunja mara nne, akakikunjua, akaanza upya.

Pikipiki ikazimwa kule kileleni. Ikateremka kimya, tairi tu zinasikika kwenye lami. Katikati Fabrice akasimama juu ya siti, akaachia. Wa chini walisikia muziki wa kwenye spika yao. Ladislas alikuwa juu ya muziki. Akauona mdomo wa Fabrice unafunguka, akalisikia neno.

Pikipiki ikafika kwenye kalavati peke yake. Fabrice akabaki hewani, ng'ambo ya barabara, ametazamana na Ladislas. Watu wakapiga makofi. Aline akasema imetoka vizuri sana. Kule kileleni kijana mwingine, Jean-Marie, alikuwa ameshawasha pikipiki yake.

"Mzee Gervas!" Ladislas akaita toka juu. "Hiyo kamba imebaki?"

"Imebaki kidogo."

"Umepiga fundo?"

"Nimepiga mawili."

"Fabrice naye mfungieni nyingine. Upesi, kabla hajaongea."

Vijana wakacheka. Mmoja akamuuliza kama ameshakuwa mwalimu wa shule ya awali. Ladislas hakumtazama, alimtazama bibi yake.

"Bibi."

"Ehe."

"Lile swali lako."

"Nakusikiliza, mjukuu wangu."

Tawi la mninga likalia. Gervas akachimbia visigino ardhini, kamba ikakaza mkononi mwake.

"Nilisema sitaki, Bibi."