Jina Lililorukwa

Saa nne asubuhi, mashine namba saba ilizimika mbele ya macho ya Kachero. Haikulia wala haikuwasha taa nyekundu. Ilinyamaza tu, kama mtu aliyesusa. Ndani yake, mahali pa kulala mtoto njiti, palikuwa na mfuko wa maji ya uvuguvugu ambao Fundi Waya alikuwa ameuvalisha kofia ya sufu kwa utani wake. Kwenye kompyuta iliyokuwa pembeni, mistari mitatu ikajiandika.

Kachero aliisoma, kisha akaisoma tena.

Ugonjwa huu si ulikuwa umekwisha? Ulikwisha miezi mitatu nyuma, siku Shemeji alipofukuzwa kazi. Shemeji alikuwa mume wa mdogo wake wa tumbo moja, na Kachero mwenyewe ndiye aliyemleta pale kiwandani, akamsifia kwa Bosi mpaka akachukuliwa. Alipewa kazi ya kuandika programu ya kengele, ile inayomshtua muuguzi joto la mtoto likipanda au kushuka. Kisha mashine moja ikazimika wodini. Mtoto alipona, lakini alikaa kwenye baridi dakika kumi na moja, na mashine zote zikarudishwa stoo kwa aibu.

Kumtafuta mkosaji ilikuwa kazi ya Kachero, na jina hilo hakulipata bure. Programu hujengwa kwa vipande vinavyoitwa funksheni, kila kimoja na jina lake. Kipande kikiita kingine, huachwa anwani ya mahali pa kurudi, na anwani hizo hupangwa katika rundo kwenye kumbukumbu. Programu ikifa, anayejua kulisoma rundo hilo atakwambia nani alimwita nani mpaka mauti yakafika. Zamani Kachero aliunda chombo, yaani programu ya kulisoma rundo, enzi za kompyuta za mezani. Mashine za watoto zilipokuja na prosesa, yaani bongo, za aina ya ARM, alikihamishia huko kwa siku mbili tu, akatamba wiki nzima.

Chombo kikasema: aliyekufa ni Wastani, funksheni ndogo ya kupiga hesabu. Aliyemwita ni Kengele. Kengele akaitwa na programu kuu. Basi. Kachero akalichapisha jibu kwenye karatasi, akatia sahihi.

"Shem, angalia tena," Shemeji alimwambia siku ile, kadi ya kazi ikiwa bado shingoni. "Mimi nahakiki kila namba kabla ya kumwita Wastani. Nakuomba, angalia tena."

"Mashine haijui shemeji," Kachero alimjibu.

Alilipenda sana jibu lile. Alilirudia kwa watu wawili watatu. Kwa wiki tatu sasa mdogo wake hapokei simu zake, na Kachero alijipa moyo kwamba atapoa. Leo saa nane mchana, Bosi angepeleka ripoti kwa bodi ya wahandisi, na bodi ingelifuta jina la Shemeji kwenye daftari lake. Mtu akifutwa humo, hakuna kiwanda kitakachomgusa tena.

Na sasa mistari ya leo ilisema yale yale: Wastani, Kengele, programu kuu.

Haikuwezekana. Kengele ya Shemeji ilishafutwa yote. Hii mpya aliiandika Kachero, tena kwa makusudi hakumwita Wastani humo hata mara moja. Chombo kilikuwa kinamshuhudia mtu kwenye nyumba ambayo hakuwahi kuingia.

"Waya umelegea huo, mama," alisema Fundi Waya, mzee wa umeme, akimeza chai. "Mimi nikiona jambo haliwezekani natikisa waya kwanza. Nusu ya elimu yangu ni hiyo."

"Tikisa basi, fundi. Tikisa zote."

Akatikisa. Kachero akaiwasha mashine, akakaa mbele yake, akaomba iwe waya. Aliomba kwa dhati, mtu ambaye siku nyingine huwacheka wanaoombea mitambo. Nusu saa ikapita, mashine inapumua vizuri. Saa nzima ikapita. Akaanza kutabasamu peke yake.

Fundi Waya akanyoosha mkono kuiweka sawa ile kofia ya mfuko, kama muuguzi anavyomgeuza mtoto. Kidole chake kikauvuta waya wa kipimajoto, ukachomoka kidogo, ukarudi. Mashine ikazimika. Mistari mitatu, ile ile.

"Samahani, mama."

"Usiombe samahani," Kachero alisema. "Nenda kale, fundi. Niache kidogo."

Alipobaki peke yake aliichapisha taarifa nzima ya chombo. Juu ya kila karatasi ya namna hiyo huwa kuna safu ya namba, yaani vitu prosesa ilivyokuwa imeshika mikononi dakika ya kufa. Miaka yote Kachero aliziona kama urembo. Sasa alizipitia kwa ncha ya kalamu, na kalamu ikasimama kwenye rejista moja, yaani mkono mmoja wa prosesa: rejista ya kurudia.

Akaichorea duara.

Kwenye kompyuta za zamani kila anwani ya kurudi inakwenda moja kwa moja kwenye rundo. ARM haifanyi hivyo. Inaishika kwanza kwenye rejista, na funksheni isiyomwita mwingine yeyote haina haja ya kuihamishia kwenye rundo. Wastani hamwiti mtu. Kwa hiyo anwani ya aliyemwita ilibaki mkononi, na chombo cha Kachero, kilichozoea tabia za kompyuta za mezani, kilikwenda moja kwa moja kwenye rundo kikaruka jina moja. Katika kila kifo cha namna hii kilikuwa kinamruka mtu aliyesimama karibu zaidi na maiti, kikamkamata wa nyuma yake.

Alilijua hili, jamani. Alilisoma siku anakihamisha chombo, akajiambia atalirekebisha Jumatatu. Jumatatu ile kulikuwa na pongezi na keki.

Aliinakili namba ya rejista, akaitafuta kwenye orodha ya funksheni. Alizihakiki tarakimu mara tatu, akitamani awe amekosea hata moja. Jina likatoka: Soma Joto. Funksheni inayosoma kipimajoto. Waya ukichomoka, inapokea tupu, na bila kuuliza inamkabidhi Wastani anwani ya hewani, isiyo na kitu, nayo ndiyo inayomuua. Aliyeiandika ni Kachero.

Akalivuta faili la miezi mitatu nyuma, akaitoa karatasi ya kwanza. Rejista ilikuwa na namba ile ile, imechapwa wazi kwa wino mweusi, na chini ya ukurasa ilikaa sahihi yake, na mkia mrefu wa madaha.

Ilikuwa saa saba na nusu. Pale kiwandani hakuna mwingine aliyejua kuzisoma namba zile. Mwenye kujua alishafukuzwa. Angeweza kuongeza mstari mmoja kwenye Soma Joto, mashine zikapona, ripoti ikaenda zake, na hakuna ambaye angeuliza. Tusimpambe: aliliwaza hilo mpaka mwisho. Aliufungua hata ukurasa wenyewe, akaandika nusu ya mstari. Kisha akajiinamia juu ya kibodi akalia, kilio cha mtu aliyejifungia nje mwenyewe na ufunguo kaubakiza ndani.

Saa nane kasoro dakika kumi alikuwa ofisini kwa Bosi, karatasi zote mbili mezani.

"Unajua unajipalia makaa?" Bosi aliuliza, baada ya kumsikiliza. "Ripoti ikitoka bila jina lake, itabidi itoke na la mtu."

"Weka langu."

"Kaa kwanza, unywe maji."

"Sitaki maji, Bosi. Chana hiyo, andika langu."

Hakungoja kuona kama imechanwa. Alichukua nakala zake, akaenda kwa mguu hadi kwa mdogo wake, jua la mchana likimpiga utosini.

Mdogo mtu alifungua mlango nusu. Alikuwa amekonda.

"Mumeo yupo?"

"Ana wiki tatu hayupo."

"Kaenda wapi?"

"Kwao. Nilimfukuza." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Aliniapia kila siku kwamba hakukosea. Nikamwambia dada yangu ndiye kanilea, dada yangu hakosei kwenye kazi yake, na ametia sahihi. Nikamwambia bora mume mkosaji kuliko mume mwongo. Simu zako sikupokea kwa sababu ungeniuliza hali yake."

Kachero alizitoa karatasi. Alimweleza yote pale pale mlangoni: rundo, rejista, jina lililorukwa, Jumatatu ambayo hakuitumia. Mdogo wake alisikiliza mpaka mwisho, macho kwenye karatasi.

"Kwa hiyo alisema kweli."

"Alisema kweli."

"Na mimi nikamwita mwongo. Kwa ajili yako."

"Nisamehe, mdogo wangu. Nisamehe."

"Namba hizi atazisoma yeye, nampelekea sasa hivi. Wewe andika hapo chini, kwa maneno, kwamba ni wewe."

Kachero aliiegemeza karatasi ukutani, akaandika. Kalamu ikaitoboa karatasi.

"Hayasomeki," alisema mdogo wake. "Andika tena."

Akaandika tena, polepole, kama anayejifunza herufi. Mdogo wake alikagua neno kwa neno, akaikunja karatasi, akavaa viatu, akafunga mlango kwa ufunguo. Alishuka ngazi akielekea barabarani, karatasi kaishika kwa mikono miwili. Kachero alimwita mara moja. Hakugeuka.