Taya la Mzee wa Pangoni

Kazini walimwita Dada Mifupa, na jina hilo hakulichukia, maana kazi yake ilikuwa hiyohiyo. Mifupa ikichimbuliwa mahali na kuletwa kwenye jumba la makumbusho ikiwa imechanganyika na mchanga na mizizi, ni yeye aliyeisafisha kwa brashi na kuipanga mezani, fuvu huku, vidole vya miguu kule, mpaka mtu atimie. Alikuwa na masharti yake. Kwanza, mtu hapangwi nusu. Kama mguu wa kushoto umepotea, nafasi yake inaachwa wazi mezani, ijulikane kwamba palikuwa na mguu. Sharti jingine ndilo lililowachekesha wenzake: kila aliyemaliza kumpanga alimsalimia. Mtoto alimwambia "hujambo mwanangu," na mzee, akishamtambua kwamba ni mzee, alimpa shikamoo yake.

"Siku wakiitikia je?" wenzake walimuuliza.

"Siku hiyo mtanikuta mlangoni nimewatangulia," alijibu, akaendelea kupiga brashi.

Adabu hiyo alifundishwa na mama yake mzazi, ambaye kwake mtu asiyesalimia hata akijua kusoma hajasoma. Na ni mama huyo aliyemfanya asubuhi ile, siku ya pili baada ya filamu kuonyeshwa, asimame jikoni amejaa hasira.

Mama alikuwa mezani na kikombe chake cha chai. Mkate ulikuwa kwenye sahani, haujaguswa. Mama hakuwa na jino hata moja, kwa hiyo kila asubuhi aliuloweka mkate kwenye chai na kuula polepole, akiimba wimbo wa kanisani kati ya tonge na tonge. Asubuhi hiyo hakula wala hakuimba. Ukutani, pale ilipokuwa ikining'inia picha ya kitinda mimba wake, aliyefariki kijana mbichi kabisa, palibaki msumari mtupu.

"Mama, picha ya mdogo wangu iko wapi?"

"Nimeiweka sandukuni."

"Kwa nini?"

"Kila nikipita hapo nilikuwa namwambia, tulia mwanangu, tutaonana. Sasa kama Bwana mwenyewe mifupa yake iko kabatini kwenu, mimi na mwanangu tutaonana wapi?"

"Mama, yule si Bwana! Yule ni mzee wa watu tu!"

"Juzi kwenye televisheni ulisema nini?"

"Walikata maneno yangu."

"Nilikuona kwa macho yangu." Mama alikisogeza kikombe pembeni. "Mbele za watu unasema hivi, ukija jikoni unaniambia vile. Najua unanihurumia. Mchungaji akiniambia yule si Yesu, nasema huyo anatetea kazi yake. Lakini wewe hukuwahi kuwa mwongo. Kaka yako ndiye aliyekuwa analamba sukari anamsingizia paka. Ndiyo maana ulilolisema wewe limenimaliza."

Hapo ndipo palipomuuma. Angekuwa mwongo tangu utotoni, mama yake angekuwa anaimba saa hiyo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Wapasua mawe walivunja ukuta wa pango fulani nje ya mji, wakakuta sanduku la jiwe, na ndani yake mifupa ya mtu mmoja. Kwenye kisigino cha mtu huyo palikuwa na msumari wa chuma, umeota kutu, umepita mfupa upande hadi upande. Habari zikasambaa. Akaja mtengenezaji filamu mmoja, viatu vinang'aa na ulimi umepakwa asali, akamketisha Dada Mifupa mbele ya kamera asubuhi nzima.

Naye akasema alichokijua. "Huyu alisulubiwa, hilo sina shaka nalo," alisema. Kisha akaliinua taya la chini akaendelea: "Lakini alikuwa mzee. Meno yote yalimtoka akiwa hai, miaka mingi kabla ya kifo. Tazameni, matundu ya meno yameziba, mfupa umelainika. Yesu, kwa maandiko tuliyonayo, alikuwa kijana wa thelathini na kitu. Watu waliosulubiwa zamani zile walikuwa wengi. Huyu ni mmoja wao, na jina lake hatulijui."

Katika filamu alionekana akisema, "Huyu alisulubiwa, hilo sina shaka nalo." Basi. Ngoma zikapigwa, wingu jeusi likapita juu ya pango, na sauti nzito ya mtu asiyeonekana ikasema kwamba wanafunzi wa Yesu waliuiba mwili wake, wakaubeba mpaka nchi ya mbali, wakauficha. Tena wakamrudisha yeye kwa mara ya pili, akitikisa kichwa kukubali, kumbe siku ile aliulizwa kama angependa maji ya kunywa.

Alipotoka jikoni asubuhi ile, alimpigia simu yule bwana wa viatu.

"Dada, kuna neno hata moja ambalo hukulisema?" bwana yule aliuliza, mpole kama daktari wa meno.

"Niliyasema yote. Wewe ndiye uliyeyaacha mengine."

"Filamu ina muda wake, dada."

"Muda wa ngoma ulipatikana! Muda wa wingu ulipatikana! Muda wa taya ndio uliokosekana?"

Simu ikakatika. Alibaki ameishika, akitamani iwe shingo ya mtu.

Akaenda kazini moja kwa moja. Foleni ilikuwa imeanzia mlangoni ikazunguka kona. Nje ya geti walisimama waumini na mabango yaliyoandikwa MIFUPA YA BANDIA, na mbele yao alikuwa mchungaji, kaka yake yuleyule wa sukari. Akapita. Ukumbini akajipenyeza mpaka kwenye kabati la kioo, na alichokikuta kikamchoma kuliko filamu. Kisigino kilikuwa kimewekewa taa yake peke yake. Mbavu zilikuwepo, mikono ilikuwepo. Fuvu lilikuwa nusu tu, maana uso ulipondwa na jiwe zamani, na hiyo nusu wameigeuza itazame ukutani. Lakini taya halikuwepo, na pale alipoliweka yeye kwa mkono wake palikuwa na kibandiko chenye jina la filamu.

Mkurugenzi wake hakuinua hata macho. "Taya lipo stoo. Linaharibu mwonekano. Watu wanakuja kuona msumari."

"Wanakuja kuona mtu. Na mtu hapangwi nusu, unajua."

"Tangu jumba hili lijengwe hatujawahi kupata foleni. Shule zilikuwa zinaletwa kwa fimbo. Sasa watu wanakuja wenyewe, wewe unataka kuwaambia ni babu tu?"

"Ni babu tu!"

"Ukifungua mdomo kwa gazeti lolote, kazi huna." Na hapo akaanza kutafuta miwani yake, ambayo alikuwa ameivaa.

Alipotoka, kaka yake alimvuta kando, chini ya kivuli cha ukuta. Alikuwa anatoka jasho, na sauti imemkauka kwa kuhubiri tangu asubuhi.

"Jumapili utasimama mbele ya kanisa," alisema. "Utasema ile mifupa ni plasta. Imeyeyushwa, ikamiminwa, imekauka. Watu watapumua."

"Si plasta, kaka."

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Mama hali! Una habari? Mama yetu hali, kwa sababu yako! Neno moja tu litamponya, wewe unashindana na mimi habari za plasta."

"Mwambie alikuwa mzee. Ndiyo kweli, na kweli hiyo inatosha. Kwa nini usihubiri hiyo?"

Mchungaji alijipangusa paji la uso. "Nikikubali kwamba ni mifupa ya kweli, nusu ya waumini hawatasubiri nimalizie sentensi."

Basi akamwacha hapo na bango lake. Njia nzima alikuwa akiongea peke yake, na aliokutana nao walimpisha. Mmoja ameyanyofoa maneno yake, mwingine anataka kumtia ya kwake mdomoni, na wa tatu amemfungia mzee wa watu stoo kama ufagio. Na wote watatu wanamwita dada! Kila mmoja ana lake kwa Yesu, kuuza au kulinda, na yule marehemu aliyepigiliwa msumari na meno hana, hakuna aliyemuuliza hata habari yake. Alikasirika kwa ajili yake mwenyewe, akakasirika kwa ajili ya mama, na alipofika mlangoni akagundua kwamba zaidi ya yote alikuwa amekasirika kwa ajili ya yule mzee.

"Mama, vaa. Tunatoka."

"Kwenda wapi?"

"Kazini kwangu. Hujui uniamini wapi, jikoni au kwenye televisheni. Njoo uamini macho yako."

Mama alitaka kukataa, lakini alimtazama binti yake usoni, akachukua mtandio wake.

Walipofika getini mchungaji aliwakimbilia. "Mama! Usiingie humo! Ni bandia!"

"Umeiona?" mama aliuliza.

"Sina haja ya kuiona."

"Na paka pia hukumwona," mama alisema, akapita. Mchungaji aliliegemeza bango lake ukutani akawafuata, maana alikosa pa kuuweka uso wake.

Ukumbini, watu waliokuwa kwenye foleni walimpisha mama kwa ajili ya fimbo yake. Dada Mifupa alimkalisha kwenye kiti cha mlinzi, mbele kabisa ya kabati. Mama aliutazama ule msumari chini ya taa yake, akageuza uso.

"Ningoje hapa," binti alimwambia.

Alikwenda stoo. Taya alilikuta juu ya rafu, limefungwa kwenye gazeti, kando ya ndoo za rangi. Gazeti! Alilifungua, akalilaza kwenye kitambaa safi, akarudi ukumbini akiwa amelibeba kwa mikono miwili, wazi, kila mtu aone. Alijua anachokifanya. Alijua pia kwamba kazi nyingine ya kupanga mifupa katika mji ule haikuwepo.

Alipiga magoti mbele ya mama yake, akamwekea kitambaa mapajani.

"Hili ni taya lake. Kwenye filamu halikuonyeshwa, na hapa walilificha. Mguse mwenyewe."

Mama hakutaka. Kisha kidole kimoja kikashuka, kikapita juu ya ule mfupa taratibu, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kikarudi. Kisha mama akafanya jambo ambalo foleni nzima ililiona: akatia kidole cha mkono wa pili kinywani mwake, akapapasa ufizi wake, huku na huku, vilevile taratibu.

"Huyu alikuwa analoweka mkate," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hana hata moja."

"Hata moja. Na yalimtoka kitambo."

Mama aliinua macho akautazama tena msumari, na safari hii hakugeuza uso. Uso wenyewe ndio uliobadilika. "Mtu mzima kama huyu," alisema. "Babu wa watu. Wakamlaza chini wakampigilia misumari! Walimwogopa nini, mzee wa kuloweka mkate?" Aligeukia foleni, na sauti yake, iliyozoea kuongoza kwaya, ikajaa ukumbi. "Na nyie mmekuja kumtazama kisigino! Hakuna mwenye babu hapa?"

Mwanamume mmoja alivua kofia. Mchungaji alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama, macho kwenye lile taya.

"Ulipomaliza kumpanga," mama alimuuliza binti yake, "ulimsalimiaje?"

"Shikamoo."

Mama alitengeneza mtandio wake kichwani. Ilikuwa miaka mingi hajakutana na mtu wa kumpa salamu hiyo. Wote wa kuipokea walikwishatangulia. Akaliinamia lile taya mapajani.

"Shikamoo, baba," alisema.

Hapo ndipo mkurugenzi alipofika akikimbia, tai imepinda. "Nani amekuruhusu kulitoa hilo? Lirudishe stoo sasa hivi! Sasa hivi, nasema!"

"Kijana," mama alimwambia. "Salamu kwanza."

Mkurugenzi alikuwa na mvi zake. Alimtazama yule bibi, akaitazama foleni, na foleni ilikuwa inamtazama yeye. "Shikamoo," alisema kwa taabu, na haikujulikana alimwamkia nani.

"Marahaba," mama akaitikia kwa niaba ya wote wawili.

Dada Mifupa alifungua kabati kwa ufunguo wake. Alibandua kile kibandiko, akaligeuza fuvu liwatazame watu, akaliweka taya mahali pake. Kisha akafunga, akamkabidhi mkurugenzi ufunguo kabla hajaombwa. Nyuma yake watu waliokuwa na simu mkononi walikuwa wakipiga picha za taya, na baba mmoja alikuwa akimweleza binti yake mdogo kwa nini mzee yule hakuwa na meno.

Asubuhi iliyofuata hakuwa na pa kwenda, na hasira zake hazikuwa zimeisha, wala hakutaka ziishe. Filamu bado ilikuwa inaonyeshwa, na yule bwana bado alikuwa na viatu vyake. Alikuwa amelala akiwaza hayo aliposikia wimbo kutoka jikoni, unakatika na kuendelea.

Akaamka, akasimama mlangoni. Picha ilikuwa imerudi kwenye msumari wake. Mama alikuwa ameigeukia na kikombe mkononi, kipande cha mkate kimezama kwenye chai, akizungumza na kitinda mimba wake kama alivyozoea.

"Tulia mwanangu, tutaonana," alikuwa akimwambia. "Na huko uliko kuna babu mmoja wa pangoni, hana meno. Umlowekee mkate mpaka nije."