Gari la Badru

Kizuri chajitembeza, kibaya chajiuza. Waliotuachia methali hii wakiwa wameigeuza upande wa pili hawakuwahi kumiliki kigari kidogo kule Mbagala. Kigari cha Naima kilikuwa kizuri, na huo ndio uliokuwa ubaya wake wote. Kilijitembeza hadi Boko kwa shemeji yake, kikajitembeza hadi Mkuranga kufuata mbuzi, kikajitembeza kwenye harusi za watu ambao Naima hakupata hata kadi yao. Asubuhi alipokihitaji yeye mwenyewe, alikuta alama za matairi kwenye mchanga na kuku wanaoga vumbi pale pale kilipolala.

Walikitoa bandarini, yeye na mumewe Mwinjuma, mwaka ule Naima alipochoka kupeleka keki kwa bodaboda. Kazi yake ilikuwa keki za harusi, na keki ya ghorofa tatu haikuumbwa kupanda pikipiki kwenye barabara ya Mbagala. Mara ya mwisho alipojaribu, bwana harusi alishika kisu mbele ya wageni, akaangalia kifusi kilichokuwa mezani, akauliza aanzie wapi. Wiki iliyofuata Naima akavunja kibubu, Mwinjuma akavunja chake, wakanunua.

Kilikuwa kigari cha milango mitano, rangi ya embe bichi, mgongo mfupi na mlango wa nyuma unaofunguka kwa juu kama kinywa cha kiboko. Ukilaza viti vya nyuma, keki nne zilikaa bila kugusana. Kilikuja na mwanamke wake kutoka Japani, yule wa ndani ya dashibodi, ambaye ukiwasha gari tu anakwambia jambo kwa adabu sana, na hakuna mtu Mbagala nzima aliyejua ni jambo gani. Na mafuta! Fundi wa kule Rangi Tatu alikizungusha siku ya kwanza, akarudi anatikisa kichwa.

"Dada, hii gari hainywi," alisema. "Inanusa tu."

Naima alifurahi, akalirudia neno hilo kwa kila aliyemuuliza. Hapo ndipo alipojiponza, kwa sababu neno lilifika kwa ukoo mzima wa mumewe, na ukoo ukaamua kwamba gari lisilokunywa halina haja ya kunyweshwa.

Wa kwanza kuamua hivyo alikuwa Badru, kaka mkubwa wa Mwinjuma, dalali wa viwanja aliyekaa Boko, mwisho mwingine kabisa wa jiji. Badru alikuwa mrefu, akiketi kwenye usukani magoti yanapanda hadi kifuani kama panzi. Hilo halikumzuia. Alikuja na tabasamu, akanywa chai, akasifu mapishi, halafu akanyoosha mkono.

"Shemeji, nakiazima mara moja."

Kaka mkubwa wa mume hanyimwi kitu. Ndivyo Naima alivyofundwa, na ndivyo alivyofanya. Tatizo ni kwamba "mara moja" ya Badru iliweza kuanza Ijumaa ikaisha Jumatano. Kigari kilirudi na magamba ya dagaa kwenye zulia. Kilirudi na manyoya. Mara moja kilirudi na harufu ya beberu iliyokataa kutoka kwa sabuni, ndimu wala ubani, na keki ya harusi ya watu wa Kijichi ikafika ukumbini inanukia zizi. Siku nyingine hakikurudi kabisa: alirudi Badru na ufunguo mkononi, akaeleza kwa utulivu kwamba gari limezimika Tegeta na mtu akipita upande ule na kidumu atalikuta.

"Kwani hukuweka mafuta, shemeji?" Naima aliuliza.

"Mafuta ya nini? Si mwenyewe ulisema kinanusa? Mie nimekipitisha sheli, kimenusa, kimetosheka."

Mwinjuma alicheka, kisha akaona macho ya mkewe, akaacha.

"Halafu wewe Mnyamwezi," Badru aliendelea, anajimiminia chai, "babu zako walitoka Tabora hadi hapa kwa miguu na pembe za ndovu kichwani. Leo mjukuu wao analilia gari?"

Jibu Naima alikuwa nalo, tena la kukaanga. Baba yake alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, Mwinjuma na Badru ni Wazaramo, na tangu enzi za misafara Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Mtani humtukana mtani wake mchana kweupe, humchukulia kuku wake akala, humchekesha msibani kwa kumwigiza marehemu, na ni mwiko kumkasirikia. Kwa hiyo Naima alikuwa na haki ya kumjibu Badru hadi ajute kuzaliwa pwani. Lakini pia alikuwa mke wa watu, na mkwe mwenye adabu huziba mdomo. Badru alilijua hilo vizuri. Akajipatia utani wa upande mmoja, kama mpira wa goli moja, na golikipa amefungwa mikono.

Miaka ikaenda hivyo. Kiyoyozi kikafa, dirisha la kushoto likagoma kupanda, taa ya injini ikawaka mwezi wa Ramadhani fulani isizime tena, na kigari kikaendelea kunusa na kutembea. Keki zikalipa ada za watoto, zikapiga bati nyumba. Naima alisema wazi kwa mumewe: bila kile kigari, hana kazi.

Kisha Bi Tunu akaanza kuugua.

Bi Tunu alikuwa bibi yao Mwinjuma na Badru, mzaa baba, aliyekaa Kongowe kwa mwanawe Mzee Kondo. Kila mwezi alipelekwa kliniki kwa kigari cha Naima. Mpango ulikuwa huu: Naima anajaza mafuta usiku, Badru anakuja asubuhi kushika usukani, kwa kuwa Bibi alipenda kuendeshwa na mjukuu wake wa kwanza. Macho ya Bi Tunu yalikuwa yameingia ukungu, lakini masikio yalikuwa mazima. Yule mwanamke wa Kijapani alipozungumza, Bi Tunu aliitikia kutoka kiti cha nyuma, "Marahaba, mwanangu," akaongeza kwamba mabinti wa siku hizi hawana adabu kama ya huyu. Na kwa kuwa sauti ya dereva ilikuwa ya Badru siku zote, Bibi aliliita gari la Badru. Naima alisikia mara nyingi. Akaacha. Nani amsahihishe bibi kizee njiani kuelekea hospitali?

Laiti angemsahihisha.

Bi Tunu alifariki mwanzoni mwa masika, usingizini, na kabla ya usingizi ule aliwaita waliokuwa karibu akasema maneno yake ya mwisho. Mawili yalihusu sanduku la kanga. La tatu lilihusu gari. Siku ya kuanua matanga, khitma imekwisha kusomwa, wanaume wamekaa mikekani chini ya turubai uani kwa Mzee Kondo, Badru alisimama akayarudia.

"Bibi alisema: gari la Badru lisitoke mikononi mwa Badru, maana ndilo lililombeba. Shangazi walikuwepo, walisikia. Mie sitaki makuu. Ila wasia ni wasia."

Shangazi walikuwepo kweli, na walisikia kweli. Badru hakusema uongo hata neno moja, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake tangu siku ya mazishi.

Habari ilimfikia Naima jikoni nyuma ya nyumba, mikono ikiwa ndani ya sufuria la wali. Alimwita Mwinjuma pembeni.

"Mume wangu, Jumamosi nina keki ya Mabibo. Nitaipeleka kwa kichwa?"

"Najua."

"Basi kamwambie."

"Nimwambieje? Nikimbishia kaka, nitaambiwa nimembishia Bibi na udongo haujakauka. Maneno ya marehemu hayapingwi, Naima. Nani anaweza kubishana na aliyekufa?"

Naima alinawa mikono. Watu wa pwani wote wanajua ni nani anayeweza kubishana na aliyekufa, na hata Mwinjuma alijua. Hakukumbuka tu kwamba huwa analala naye kitanda kimoja.

Aliingia chumbani kwa shangazi mkubwa, akaomba kanga za Bi Tunu na mkongojo wake. Shangazi alimwangalia juu hadi chini. Kisha akafungua sanduku bila kuuliza, akamfunga kilemba mwenyewe, na mabega yakawa yanamtikisika.

Waliokaa chini ya turubai walisikia mkongojo kabla ya kuona mtu. Gonga, buruta, gonga, buruta, ule mwendo wa Bi Tunu wa kuulaumu mguu wa kulia. Halafu ikatokea kanga yake, mgongo wake ulioinama, na mkono wake uliokuwa ukipapasa hewa kutafuta bega la kushika. Upande wa wanawake vigelegele vikapasuka. Sheikh akagundua kwamba tasbihi yake inahitaji kuangaliwa kwa makini sana.

"Nani huyo?" aliuliza Mzee Kondo, ingawa mdomo wake ulikuwa umeanza kucheza.

"Mie," alisema Naima kwa sauti ya Bi Tunu, ile ya kukwaruza. "Nimefika nusu ya njia nikakumbuka kitu. Nyie mnakula wali wangu bila mie?"

Badru aliinuka. "Mkwe, rudi jikoni. Hapa panazungumzwa mambo."

"Badru, kaa," alisema Mzee Kondo. "Mkwe yuko jikoni. Huyu ni mtani, na leo ni siku yake."

Badru akakaa. Naima akamkaribia kwa kupapasa, akamshika shavu.

"Badru, mume wangu," alisema, maana Bi Tunu hakumwita mjukuu huyu kwa jina lingine tangu kutahiriwa kwake. Turubai zima likacheka. "Nimesikia wasia wangu umesomwa. Nilisema nini?"

"Ulisema..." Badru alitazama huku na huku. "Gari langu lisitoke mikononi mwangu."

"Vyema. Na gari la mume ni la mke. Huku niendako ni mbali, na sheli sijaona hata moja. Nataka nilijaze kabla ya kuondoka. Nielekeze, macho yangu hayaoni. Mfuniko wa mafuta uko upande gani?"

Kigari kilikuwa kimeegeshwa nje, nyuma ya ukuta. Badru alitazama ukuta kana kwamba utaona haya ufunguke.

"Wa mafuta?"

"Wa mafuta, mume wangu. Kinywa cha gari lako."

Mahali fulani kijiko kilianguka.

"Kulia," alisema Badru.

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Mwinjuma. Hakudhamiria, kicheko kilimtoka kama chafya, na kikaja kingine nyuma yake. Mzee Kondo akainuka taratibu, akatoka getini, na wazee wawili wakamfuata kwa heshima, kama wanaokwenda kuona mahari. Walirudi wanafuta macho kwa pembe za kanzu.

"Kushoto," alitangaza Mzee Kondo.

Sasa kila mtu alicheka bila kujizuia. Naima alisubiri kicheko kishuke, akaegemea mkongojo.

"Miaka yote hii unamtembeza, kinywa chake hukijui kilipo. Ulikuwa unamlisha kupitia wapi, mume wangu? Puani?"

"Huu ni utovu wa heshima," Badru alisema, amesimama tena, turubai likimgusa kichwa. "Ananidhalilisha mbele za watu. Wasia wa marehemu upo, mashahidi wapo!"

"Wasia upo," Naima aliitikia. "Kwani nani kaufuta? Mie nimesema gari la Badru lisitoke mikononi mwa Badru, na sirudi nyuma. Siku Badru atakaponunua gari, yeyote asiliguse. Nitamtokea ndotoni."

Kisha akageuka, gonga, buruta, gonga, buruta, akarudi zake chumbani.

Mzee Kondo alimkumbusha Badru, kwa upole, kwamba Mzaramo aliyemkasirikia mtani msibani hutozwa jogoo, na kwamba jogoo wake alipwe kabla ya Ijumaa. Halafu akafungua kiganja mbele yake, akakiacha hivyo hivyo hewani, mpaka ufunguo ukaanguka juu yake.

Jumamosi keki ya Mabibo ilifika imesimama wima. Naima alikuwa uani jioni ile, anapangusa viti, mlango wa nyuma ukiwa wazi, Mwinjuma alipomjia ameshika simu na kuziba kinasa sauti kwa kidole gumba.

"Kaka," alinong'ona. "Anasema yaliyopita yamepita. Ila umwombe radhi. Neno moja tu, mke wangu, yaishe."

"Mwambie mtani haombi radhi."

Mwinjuma alifikisha ujumbe, akasikiliza. "Anasema basi umwombe kama mkwe."

"Mkwe alikuwa jikoni. Si Mzee Kondo alisema? Hakuona kitu."

Mwinjuma alifikisha na hilo, akasikiliza tena, safari hii kwa muda mrefu, uso wake ukikunjamana. "Anasema hayo ni maneno ya ujanja. Anataka Naima mwenyewe. Anauliza: wewe, Naima, humwombi radhi?"

Naima akaweka kitambaa chini, akaichukua simu.

"Shikamoo, shemeji. Hamjambo Boko?" Alisubiri ajibiwe. "Sisi wazima. Naima ndiye mie. Sikuombi radhi leo, sikuombi Idi, na ukija hapa tukaonana ana kwa ana, shemeji, chai nitakupa, lakini radhi sikuombi."