Kofia ya Boksi la Nyanya

Katika historia ya polisi wa Gambia hakuna ofisa aliyepanda cheo haraka kama Nyima Manneh. Alfajiri alikuwa bibi wa kawaida. Jua lilipochomoza tayari ni mkuu wa trafiki soko la Nyamakunda, kofia ameikata kwenye boksi la nyanya za kopo, filimbi mdomoni, anasimamisha mbuzi na kuwadai leseni.

Ndiyo kazi ya kanyelengi, wanawake waliozika watoto wakaamua kuchekesha mbingu mpaka ziwaachie watakaofuata. Hakuna wasiyemkejeli. Ila enzi za yule rais aliyekuja kukimbia kwa ndege, walipakiwa kwenye malori wakamchezee, na asiyetabasamu alifuatwa nyumbani. Nyima alitabasamu mpaka mashavu yakauma. Siku ndege ilipoondoka, aliapa hataomba tena ruhusa ya kucheka.

Konstebo Sarjo akamkamata, yeye na dumu lake la ngoma.

"Bibi, unadhalilisha sare."

"Sare yangu ina nyanya, mwanangu. Yako ina nini?"

Kituoni, Inspekta Kinteh, aliyehamia juzijuzi, hakucheka. "Ahidi kwamba kikundi chako kitaomba kibali kabla ya kila mchezo, uende zako. Ukikataa, unalala ndani."

"Nikupe kicheko changu ukifungie kabatini? Siahidi."

Alisema hivyo huku akimkagua Inspekta. Alimtambua tangu siku aliposhuka kwenye gari kuhamia hapa, kwa lile sikio lililojikunja. Tatizo, polisi wa zamani waliweza kumkana hata mama mzazi. Huyu je?

Akalipiga dumu taratibu. "Suntukungu! Ee, Suntukungu!"

Konstebo akatoa macho. "Suntukungu? Nani anaitwa jalala?"

"Bosi wako. Mama yake alizika watatu. Huyu wa nne, siku ya kupewa jina, tukamlaza jalalani ili kifo kimwone takataka, kipite. Nikamwokota mimi. Alilia kama king'ora!"

Inspekta akatazama dari, kisha buti zake. Mtoto wa kanyelengi akiitwa jina hilo kwa ngoma, hucheza, hata awe waziri. Na huko nje wenzake Nyima walikwishafika na madumu yao, wakaudaka mdundo.

"Bibi," akanong'ona, "niko kazini."

"Kifo nacho kilikuwa kazini."

Bega la kushoto likaasi kwanza. La kulia likafuata. Kufumba na kufumbua, Inspekta yuko barazani, anacheza vibaya mno, kama mtu anayezima moto kwa viatu, na soko zima linapiga vigelegele.

"Afande, na kibali?" Konstebo akauliza.

"Kibali cha nini?" Inspekta alikuwa akihema, meno yote nje. "Mama hakuomba kibali kunizaa. Mwache aende!"

Nyima akatoka bila kuahidi chochote. Mlangoni akaiweka kofia sawa, akamkazia macho Konstebo mpaka kijana akapiga saluti.

"Na hicho kifungo cha shati?"

Konstebo akakifunga.