Matofali Yenye Kiu

Siku ya kwanza ukuta wetu ulikuwa mbovu, na mimi nilijua tangu tofali la kwanza. Hilo ndilo lililoniuma.

Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili wa chuo, tumevuka mpaka kwa basi kwenda kujenga darasa la shule ya kanisa huko ugenini. Fulana zetu mpya zimeandikwa "Watumishi" mgongoni. Wa kwanza kushika mwiko alikuwa mwenzetu tuliyemwita Profesa, kwa kuwa hakuna jambo asilolijua, hata yale ambayo hayajatokea. Alipanga matofali ya kuchoma yakiwa makavu, kama yalivyoshushwa kwenye lori, nasi tukamfuata kama vifaranga wa bata.

Baba yangu ni mwashi. Nilianza kumkorogea saruji nikiwa na miaka tisa, kila likizo, mpaka viganja vikaota sugu. Tofali kavu lina kiu: linafyonza maji yote, saruji inabaki unga, na ukuta unasimama kwa heshima tu. Lakini kwenye fomu ya safari, penye kazi ya mzazi, niliandika "mkandarasi", na wenzangu nikawaambia ana mitambo. Binti wa mwenye mitambo ayajulie wapi mambo ya kulowesha matofali? Nikafyata mkia, nikapitisha ndoo.

Asubuhi ya pili, baada ya sala, akaja fundi mkuu, mama wa makamo mwenye mikono iliyopauka kwa saruji. Tukamwamkia, akaitikia, akaweka kiganja ukutani na kusukuma kidogo tu. Safu tatu za juu zikaporomoka.

"Wanangu, moyo wenu nimeuona," alisema. "Lakini humu watakaa watoto wa watu. Jaribuni tena leo. Kesho nikisukuma ukaanguka, nyinyi mtaimba, maana kuimba mnajua, na mimi nitaita mafundi wangu."

Mwalimu aliyetuongoza aliinamisha kichwa. Mwaka mzima alikuwa amewaapia wakubwa wa chuo kwamba hatuendi kutalii.

"Saruji ya huku haina nguvu," Profesa akatangaza.

Hasira zangu huwa ziko jirani. "Saruji imekukosea nini? Matofali yako makavu! Yanaloweshwa kwanza!"

"Wewe umejuaje?"

"Baba yangu ni mwashi."

"Si ulisema mkandarasi?"

"Nilidanganya. Leta pipa."

Nilisikia aibu, tena kubwa, lakini kazi haikunipa nafasi ya kuilea. Tulibomoa safu zilizobaki, tukayazamisha matofali majini mpaka yakaacha kutoa mapovu. Nikafunga kamba, nikaning'iniza timazi kupima wima wa ukuta, nikawaonyesha wenzangu namna ya kugonga kila tofali mara mbili kwa mpini wa mwiko: mara ya kwanza likae, ya pili litulie, kama anavyosema baba. Mwalimu alikoroga saruji mpaka miwani ikapauka. Profesa alibeba maji kutwa nzima, tena bila hotuba.

Siku ya tatu fundi akarudi. Alisukuma kwa kiganja. Akasukuma kwa bega. Akakwaruza saruji kwa ukucha, akaangalia ukucha wake. Ukuta haukutikisika.

"Nani kawafundisha?"

Wote wakanigeukia mimi.

"Na wewe?"

"Baba yangu, mama. Ni fundi mwashi." Nilisema kwa sauti, hata waliokuwa kisimani wakasikia. Nilivimba kichwa, sikatai.

"Msalimie sana. Mwambie nimeuona mkono wake." Kisha akamgeukia mwalimu. "Hawa waendelee mpaka juu."

Mchana nikampigia baba simu, nikamweleza yote, hata habari ya fomu.

"Ile fomu niliisoma kabla sijatia sahihi," alisema.

Nilikuwa nimesahau kwamba sahihi ilikuwa yake.

"Nisamehe, baba."

Alikuwa kazini. Nilisikia mpini ukigonga tofali, mara moja, mara ya pili.

"Matofali mliyalowesha?"

"Mpaka mapovu yakaisha."

"Na ukuta umesimama?"

"Umesimama, baba. Fundi wao kausukuma kwa bega."

"Basi," akasema baba yangu, ambaye hajawahi kuvuka mpaka wowote, "hata mimi nimesafiri."